Huduma ya Kurekebisha Usingizi kwa Wanaotibiwa Saratani: Inafaa, Mradi Ifuate Ratiba ya Dawa

Huduma ninayoitathmini hapa ni tiba ya utambuzi na tabia kwa watu wanaokosa usingizi, yaani ya kurekebisha mawazo na mazoea yanayoufukuza usingizi, ile inayotolewa mahususi kwa watu wazima walio katikati ya matibabu ya saratani. Kwa kawaida huwa na vikao kati ya vinne na vinane, vinavyoendeshwa na mwanasaikolojia au muuguzi aliyesomea kazi hiyo, ana kwa ana au kwa simu, na baina ya kikao kimoja na kingine mgonjwa hupewa kazi ya kufanya nyumbani. Hakuna kidonge kinachotolewa. Niliingia nikiwa kwenye tibakemikali, kwa hiyo ninayoyasema ni ya mtu aliyeitumia huku dripu bado zinaendelea, wala si ya aliyekwisha kupona na kurudi kazini. Tofauti hiyo ndiyo inayotawala hukumu yangu: tiba yenyewe ni nzuri, lakini ilibuniwa kwa watu ambao usiku wao wa Jumatatu hautofautiani sana na wa Alhamisi, ilhali usiku wa mgonjwa wa saratani hubadilika kwa kufuata siku ya dawa. Mtoa huduma anayelizingatia hilo humsaidia mgonjwa kweli kweli, na asiyelizingatia humwongezea kazi juu ya kazi.

Kwamba huduma ya namna hii inahitajika, sidhani kama kuna anayebisha. Tafiti zimekuwa zikionyesha kwamba kati ya asilimia 30 na 60 ya wagonjwa wa saratani wana dalili za kukosa usingizi, kiwango ambacho ni takriban mara mbili hadi tatu ya kile cha watu wengine. Hata hivyo, dakika chache za kumwona daktari huishia kwenye homa, kutapika, uzito na chembe nyeupe za damu, na mgonjwa mwenyewe huona haya kulalamikia usingizi mbele ya mtu anayehangaika kumwokoa. Anayethubutu kusema mara nyingi hujibiwa kwamba ni wasiwasi tu na atazoea, au huandikiwa vidonge vya wiki mbili ambavyo baadaye hakuna anayekumbuka kuvifuatilia.

Kikao cha kwanza ni cha vipimo vya maandishi. Madodoso mawili ndiyo yanayotumika zaidi. La kwanza ni kielezo cha ubora wa usingizi cha Pittsburgh, kilichochapishwa mwaka 1989, chenye maswali 19 ya kujibiwa na mgonjwa, ambayo hukusanywa katika vipengele saba na kutoa alama kati ya 0 na 21. Alama inayozidi 5 huhesabiwa kuwa dalili ya usingizi duni. La pili ni kipimo cha ukali wa kukosa usingizi, chenye maswali saba tu na alama kati ya 0 na 28, ambapo kuanzia 15 tatizo huhesabiwa kuwa la kitabibu na si la kupita. Yote mawili ni mazuri, lakini kwa mtu aliye kwenye mzunguko wa dawa wa siku 21 nalipendelea la pili. Dodoso la Pittsburgh humtaka mtu aeleze mwezi mzima uliopita kwa jibu moja. Je, mtu aliyekesha usiku mitatu mfululizo baada ya dripu, akalala kama kawaida wiki iliyofuata, kisha akaanza tena kuamka saa nane usiku siku za kukaribia kipimo cha damu, aandike nini? Huishia kuandika wastani ambao haufanani na usiku wake hata mmoja. Dodoso la pili hugusa wiki mbili tu, na likijazwa kwa nyakati mbili tofauti za mzunguko hutoa picha inayoaminika zaidi. Nililisema hilo, mshauri akakubali, na tukaendelea kwa namna hiyo.

Sehemu iliyonishangaza kwa uzuri wake ni ile iliyotangulia mafundisho yote. Kabla ya kuzungumzia kitanda, mshauri aliomba orodha ya dawa zote na saa za kuzimeza, akaipitia mstari kwa mstari.

"Mama, hii deksamethasoni unaimeza saa ngapi?"

"Moja baada ya kifungua kinywa, moja baada ya chakula cha usiku."

"Hiyo ya usiku tutamwomba daktari wako aturuhusu kuisogeza. Usiisogeze wala kuiacha mwenyewe kabla hajasema."

Deksamethasoni ni steroidi inayotolewa pamoja na dawa nyingi za saratani ili kuzuia kichefuchefu na mzio, na ni miongoni mwa sababu kubwa za mtu kubaki macho makavu usiku kucha, mwili umechoka na akili inakwenda mbio. Athari zake hudumu mwilini kwa zaidi ya saa 36, kwa hiyo kuimeza mapema hakuondoi tatizo lote, lakini hulipunguza. Pale ambapo ratiba ya daktari inaruhusu, dozi zote humezwa asubuhi na mchana. Zipo pia ratiba zisizoruhusu: baadhi ya wanaopewa paklitakseli hutakiwa kumeza steroidi usiku wa kuamkia siku ya dripu ili mwili usiikatae dawa, na hapo hakuna cha kusogeza. Mshauri mzuri atakwambia wazi kwamba usiku huo na unaoufuata haupaswi kuhesabiwa kama ushahidi kwamba tiba imeshindwa. Kwangu mimi, kauli hiyo peke yake ilikuwa na thamani kuliko kurasa kadhaa za kitabu cha mazoezi nilichopewa. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaopewa sisplatini, dawa nyingine ya saratani, ambao hutiwa maji mengi kwa mshipa na hivyo kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo; kuwapa somo la kutuliza mawazo kabla ya kulitaja suala la kibofu ni kuanza na lisilohusika.

Baada ya hapo huja moyo wa tiba, nao una mbinu mbili zenye umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Ya kwanza, iliyoelezwa na Richard Bootzin mwaka 1972, inalenga kurudisha uhusiano kati ya kitanda na usingizi: kitanda kitumike kwa kulala na kwa tendo la ndoa tu, mtu apande kitandani akiwa anasinzia, na akiona amekaa macho kwa takriban dakika 20 aondoke, akakae mahali pengine penye mwanga hafifu, arudi usingizi unapomjia. Ya pili, ya Arthur Spielman na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1987, hupunguza muda wa kukaa kitandani ili usingizi uliotawanyika ukusanyike. Hesabu yake ni nyepesi. Mtu anayekaa kitandani saa tisa na kulala saa tano na nusu ana ufanisi wa asilimia 61, yaani sehemu ya muda wa kitandani anayoitumia kulala. Anapangiwa dirisha, yaani muda anaoruhusiwa kuwa kitandani, la saa tano na nusu, tuseme kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, na ufanisi wake unapofikia asilimia 90 huongezewa dakika 15, kisha 15 nyingine, hadi afikie muda unaomtosha. Ufanisi ukishuka chini ya asilimia 85, dirisha hupunguzwa.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, mbinu ya pili ni chungu kwa siku za mwanzo lakini hufanya kazi, na mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza tiba hii iwe ya kwanza kutolewa kwa watu wazima wenye tatizo sugu la kukosa usingizi, kabla ya dawa. Kwa mtu aliye kwenye tibakemikali, kuifuata kwa kukariri ni ukatili usio na faida. Siku ya pili baada ya dripu mwili hauna uwezo wa kukaa kitini hadi saa sita usiku ukisubiri ruhusa ya kulala. Tena kuna watu ambao kwao si suala la uchungu bali la hatari: mwenye saratani iliyofika kwenye ubongo na kusababisha kifafa, kwa sababu kunyimwa usingizi huchochea kifafa; mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka; na mwenye saratani iliyoingia mifupani au miguu iliyokufa ganzi kwa dawa, ambaye kuinuka gizani kila baada ya dakika 20 kunaweza kumvunja nyonga. Fomu ya kujiunga niliyoijaza iliuliza juu ya kifafa. Haikuuliza juu ya mifupa wala kuanguka, na huo ni upungufu mkubwa kwa huduma inayojitangaza kuwa ni ya wagonjwa wa saratani.

Walichokifanya kulainisha mbinu hizo, nakipongeza. Badala ya kukata muda wa kitandani kwa mara moja, waliupunguza kidogo kidogo, hawakunishusha karibu na saa tano, na wakasimamisha kabisa upunguzaji kwa siku za kuzunguka dripu. Kwa siku hizo kanuni iliyobaki ni moja tu, ya kuamka saa ileile kila asubuhi hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kanuni hiyo nayo ina sababu, maana saa ya ndani ya mwili hurekebishwa zaidi na muda wa kuamka na mwanga wa asubuhi kuliko muda wa kulala. Kuhusu kutoka kitandani, waliniruhusu kukaa wima papo hapo, mgongo ukiegemea mito, miguu ikiwa sakafuni, badala ya kutembea hadi chumba kingine. Mshikilia kanuni anaweza kusema hiyo si tiba halisi. Mimi nasema tiba ambayo mgonjwa anaweza kuitekeleza huku kichwa kikimzunguka ni bora kuliko ile halisi anayoiacha kikao cha pili.

Usingizi wa mchana ndiko tulikovutana zaidi. Kanuni ya kawaida inaukataza au kuuruhusu kwa shida. Lakini uchovu wa saratani si ule wa mtu aliyekosa kulala; mtu huamka baada ya saa tisa za usingizi akiwa amechoka kama alivyopanda kitandani, na kulala zaidi hakuuondoi. Kwa hiyo kumkataza mgonjwa kujilaza ni kumnyima pumziko, na kumwachia alale mchana kutwa ni kuula usiku wake mapema. Tulikubaliana juu ya kulala mara moja tu, isiyozidi nusu saa, na kabla ya saa tisa alasiri. Nilikuwa na mashaka, kwani nusu saa hunipitia kabla sijapata hata lepe la usingizi, lakini baada ya muda niliona usiku ukianza kukusanyika.

Upande wa mawazo una uzuri na kasoro. Uzuri wake ni kwamba unaligusa wazo linalowatesa wengi bila kulitamka: kwamba kila usiku wa kukesha unaidhoofisha kinga na kuipa saratani nafasi. Wazo hilo humfanya mtu autazame usingizi kama dawa anayoikosa, na kadiri anavyoutafuta kwa nguvu ndivyo unavyozidi kumkimbia. Mshauri hakulipuuza wala hakulicheka. Alinionyesha kwamba usiku mbaya mmoja hauamui matokeo ya matibabu, na kwamba hofu ya kutolala ilikuwa inanikesha kuliko dawa zenyewe. Akanipangia muda wa wasiwasi mapema jioni, kalamu mkononi, wa kuandika kila kinachonisumbua na hatua ndogo ninayoweza kuichukua kesho, ili kisinifuate hadi kwenye shuka. Kasoro ni kitabu cha mazoezi. Mifano yake karibu yote ni ya watu wanaoogopa kuchelewa kazini au kuonekana wamesinzia mkutanoni, na mazoezi yake yanadhani kwamba wazo linalomkesha mtu ni lazima liwe limetiwa chumvi. Anayesubiri majibu ya picha za kifua hajatia chumvi chochote. Hofu yake ina sababu, na anachohitaji ni mahali pa kuiweka hadi asubuhi, si hoja za kumshawishi kwamba haina msingi.

Huduma hii pia hukopesha saa ya mkononi inayopima usingizi. Ningeirudisha siku ileile. Vifaa hivi hutegemea zaidi mtikisiko wa mkono na mapigo ya moyo, na mtu anayelala kimya huku yuko macho mara nyingi huhesabiwa kuwa amelala, kwa hiyo asubuhi anaoneshwa saa saba za usingizi ambazo hakuziona. Shajara ya karatasi, yenye saa ya kuzima taa, idadi ya kuamka na saa ya kuinuka, inatosha kabisa, na ndiyo inayotumika kufanya hesabu za dirisha. Ombi langu ni iongezwe safu mbili: moja ya siku ngapi zimepita tangu dripu, nyingine ya saa ya steroidi ya mwisho. Bila safu hizo, shajara ya mgonjwa wa saratani ni orodha ya matukio yasiyo na sababu.

Taa ya mwanga mkali ni hadithi nyingine, na ningeshauri wasioipewa waiulizie. Hutumika asubuhi kwa takriban nusu saa, ikiwa na nguvu ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), macho yakiwa wazi lakini bila kuitazama moja kwa moja. Wagonjwa wengi hushinda ndani siku nzima, mapazia yamefungwa, na mwili hupoteza tofauti ya mchana na usiku. Anayeweza kutoka nje asubuhi anaipata faida hiyohiyo bila kifaa chochote. Wenye maradhi ya retina, na wenye ugonjwa wa hisia nilioutaja, wamwone daktari kwanza.

Wapo watakaouliza kwa nini wasimeze kidonge yakaisha. Vidonge vina nafasi yake, hasa kwa usiku michache ya steroidi, na sina ugomvi na daktari anayeviandika kwa muda mfupi huku akimfuatilia mgonjwa. Ila mgonjwa wa saratani mara nyingi tayari anatumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, na kuzichanganya na vidonge vya usingizi na vya kutuliza vya jamii ya benzodiazepini kunaweza kupunguza upumuaji kiasi cha kuua. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kuhusu mchanganyiko huo mwaka 2016. Mwaka 2019 iliagiza onyo jingine la kiwango hicho kwa dawa ya usingizi ya zolpidemu na ndugu zake, kwa sababu watu walikuwa wakiinuka usingizini, wakatembea na hata kuendesha gari bila kujua. Dawa za mimea nazo si za kumezwa kwa kuambiwa na jirani: mmea wa Hypericum, unaouzwa kama kitulizo, hulifanya ini liondoe haraka baadhi ya dawa za saratani kama irinotekani na imatinibu, na mtu akawa anatibiwa kwa dozi pungufu bila habari.

Kuhusu ushahidi, tiba hii ina msingi imara, ingawa sehemu kubwa yake inatoka kwa watu waliokwisha maliza matibabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwalinganisha watu 160 walionusurika saratani, nusu wakipewa tiba hii na nusu akupancha, ile tiba ya kuchomwa sindano nyembamba mwilini. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini alama za ukali wa kukosa usingizi zilishuka kwa pointi 10.9 kwa waliopata tiba ya tabia na 8.3 kwa waliopata akupancha. Yoga nyepesi, mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, iliboresha usingizi katika utafiti wa mwaka 2013 uliohusisha watu 410, nao pia wakiwa wamekwisha maliza matibabu. Ndiyo maana natilia mkazo kulainisha kanuni: namba hizo hazikupatikana kwa watu waliokuwa wakitapika.

Malalamiko yangu mengine ni ya utaratibu. Simu ya kikao kimoja ilipangwa jioni ya siku ya dripu, wakati nisingeweza kukumbuka hata jina la mpigaji, na kuibadilisha kulihitaji barua pepe zisizojibiwa kwa haraka. Zaidi ya hapo, huduma ilichelewa kunielekeza kwingine nilipolalamikia miguu isiyotulia jioni. Hali hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma, na kipimo cha damu kilipaswa kuombwa mapema, kwa sababu hakuna mazoezi ya mawazo yatakayoituliza miguu yenye upungufu wa chuma. Vivyo hivyo kwa anayekoroma na kukatika pumzi, hasa aliyetibiwa saratani ya kichwa au shingo. Kwa wanawake wanaotumia tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya matiti, na wanaume waliozuiwa homoni kwa ajili ya tezi dume, ambao huamshwa na joto la ghafla na shuka zilizolowa jasho. Na kwa yeyote ambaye maumivu yake hayajadhibitiwa. Hao waanze kwa daktari wa tatizo lenyewe, kisha waje hapa kwa lile litakalobaki.

Kwa aliyebaki, naipendekeza, na ningemshauri aanze katika wiki tulivu ya mzunguko wake badala ya wiki ya dripu. Katika kikao cha kwanza aende na ratiba kamili ya matibabu, orodha ya dawa pamoja na saa za kuzimeza, na shajara ya wiki moja iliyopita ikiwa na alama ya siku ya dawa. Mshauri akianza kupanga dirisha la kulala kabla ya kuisoma ratiba hiyo, ni haki ya mgonjwa kumwomba asubiri.